Mlinda Mlango wa Mto Colorado: Wayne Aspinall na Siasa za Maji Magharibi mwa Marekani

Wayne Norviel Aspinall (1896–1983) alikuwa mwalimu, mwanasheria na mkulima wa mapichi kutoka mji mdogo wa Palisade, jimbo la Colorado. Alikaa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia Januari 1949 hadi Januari 1973. Katika miaka 14 ya mwisho aliongoza Kamati ya Mambo ya Ndani na Maeneo ya Visiwa, na kwa muda huo wote mradi wa umwagiliaji wa serikali kuu haukuweza kufika ukumbini kupigiwa kura bila kupita kwanza mezani kwake. Mabwawa yaliyojengwa enzi zake ni makubwa, na mengine yanaonekana hata kwenye picha za satelaiti. Lakini anayetaka kuelewa nguvu za mtu huyu asianze na saruji. Aanze na miswada aliyoikalia.

Ardhi ya "kukombolewa"

Sera aliyoitumikia ilizaliwa yeye akiwa na miaka sita. Tarehe 17 Juni 1902 Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria iliyopiganiwa bungeni na Francis Newlands, mwakilishi wa Nevada. Fedha za mauzo ya ardhi ya umma katika majimbo ya magharibi ziliwekwa kwenye mfuko maalumu, mfuko ukajenga mabwawa na mifereji, na wakulima wakatakiwa kurudisha gharama bila riba ndani ya miaka 10. Mtu mmoja hakuruhusiwa kupata maji ya kumwagilia zaidi ya ekari 160. Miaka 10 haikutosha. Mwaka 1914 muda wa kulipa ulisogezwa hadi miaka 20, na mwaka 1926 hadi 40. Dalili ilijionyesha mapema kwamba kilimo cha jangwani hakiwezi kubeba gharama za maji yake chenyewe, na kwamba lazima apatikane wa kukichangia.

Chombo cha kutekeleza sheria hiyo, ambacho hapa nitakiita Idara ya Ukombozi wa Ardhi, kiko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wizara hiyo ya Marekani haishughuliki na pasipoti wala magereza. Kazi yake ni ardhi ya umma, madini, hifadhi za taifa, mambo ya Wahindi Wekundu na maji ya magharibi. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuifahamu idara hii, kwa kuwa kati ya 1958 na 1964 wahandisi wake walipima bonde la Abbay, yaani Nile ya Bluu, nchini Ethiopia. Eneo mojawapo walilolipendekeza, karibu na mpaka wa Sudan, liko jirani na mahali lilipojengwa Bwawa Kuu la Renaissance.

Neno lenyewe, kukomboa, lina utata wake. Kwa Wamarekani wa wakati ule maana yake ilikuwa kulinyang'anya jangwa ardhi inayoweza kulimwa. Lakini bonde la Palisade lilikuwa nchi ya Waute, wenyeji wake wa asili, hadi mwaka 1881, jeshi lilipowahamishia Utah, na walowezi wakaingia mwezi huohuo wa Septemba. Basi ardhi ile ilikombolewa mara mbili: kwanza kutoka kwa wenyewe, kisha kutoka kwa ukame.

Familia ya Aspinall ilifika huko kutoka Ohio mwaka 1904 na kupanda mapichi. Mvua ya bonde lile haifiki milimita 300 kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1910 serikali ilimaliza bwawa la kuchepusha maji kwenye korongo lililo juu kidogo ya mji, na mfereji wake mrefu ukageuza upande wake mmoja kuwa kijani huku ng'ambo ikibaki vumbi. Kijana aliyekulia pale hakuhitaji kuambiwa na profesa kwamba mfereji ukikauka hakuna pichi.

Hesabu ya mto

Mto Colorado unaanzia kwenye theluji ya milima ya Rocky, unapita jangwani kwa kilomita zaidi ya 2,300 na kuelekea Mexico. Majimbo saba yanauchangia. Katika sheria ya maji ya magharibi, anayetangulia kuyatumia maji ndiye mwenye haki ya kwanza juu yake, na asiyeyatumia hana la kudai. Kwa hiyo California ilipoanza kukua kwa kasi, majimbo ya milimani, yenye theluji nyingi na watu wachache, yaliona hatari: kabla hayajafikia hatua ya kuyahitaji maji yao, yangekuwa tayari ni mali ya wa chini.

Mwanasheria wa Colorado, Delph Carpenter, alishauri majimbo yagawane mto kwa mkataba, kama nchi huru zinavyogawana. Mkataba ulisainiwa Santa Fe mnamo Novemba 1922, Herbert Hoover akiwa mwenyekiti wa mazungumzo. Bonde liligawanywa mara mbili mahali paitwapo Lee Ferry, kaskazini mwa Arizona. Bonde la juu lilipewa takriban mita za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka, na la chini vivyo hivyo. Mwaka 1944 Mexico iliahidiwa bilioni 1.85. Mwaka 1948, majira yaleyale Aspinall alipochaguliwa kwenda Washington, majimbo ya juu yaligawana fungu lao, na Colorado ikapata asilimia 51.75.

Kuna kifungu kimoja ambacho bila kukielewa siasa zote zilizofuata hazieleweki. Majimbo ya juu yalikubali kutosababisha maji yanayopita Lee Ferry kupungua chini ya mita za ujazo bilioni 92.5 katika kila miaka 10 mfululizo. Kwa hiyo ukame ukija, unamuumiza wa juu kwanza. Wa chini anadai kiasi kilichotajwa, na wa juu anatumia kinachobaki.

Kilichobaki nacho kilikadiriwa vibaya. Waliosaini mwaka 1922 walitegemea vipimo vya miaka ya mvua nyingi, wakaamini kuwa mto unatoa zaidi ya mita za ujazo bilioni 20 kwa mwaka. Uchunguzi wa duara za miti uliochapishwa mwaka 1976 ulikadiria wastani wa karne nyingi kuwa chini ya bilioni 17, na tangu mwaka 2000 mto umetoa pungufu ya hapo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, lakini tarakimu za ukurasa wa kwanza zilikuwa na makosa, na kila mwanasiasa aliyefuata alijumlishia juu yake.

Kiti cha mwenyekiti

Aspinall alijifunza siasa kwenye bunge la jimbo lake, alikoingia mwaka 1931 na kuwa Spika kabla ya kuhamia Seneti ya jimbo. Alipofika Washington alikuwa na miaka 52, na alijua kusoma kanuni. Alipangiwa kamati ambayo wabunge wa miji ya mashariki hawakuitamani, akabaki humohumo. Mwaka 1955 alipewa kamati ndogo ya umwagiliaji na ukombozi wa ardhi. Mwaka 1959, Clair Engle wa California alipohamia Seneti, Aspinall akarithi kamati nzima.

Utaratibu wa wakati huo ulimpa mwenyekiti mamlaka ambayo wabunge wa leo wangeyashangaa. Cheo kilikwenda kwa ukongwe ndani ya chama chenye wingi, si kwa kura ya wenzake wala kwa hisani ya Spika. Mwenyekiti ndiye aliyepanga muswada upi usikilizwe, lini, na mashahidi gani waitwe. Muswada usiopangiwa siku haukukataliwa. Ulikaa tu, mpaka bunge la miaka miwili likaisha na kazi ikaanza upya. Rais aliweza kuusifu na Seneti ikaupitisha kwa kishindo, na bado mtu mmoja kutoka mji wa mapichi akasema ratiba imejaa.

Aliiendesha kamati kama darasa: alianza kwa saa, aliwahoji mashahidi kwa undani na hakupenda mzaha. Na mara nyingi muswada uliotoka mikononi mwake ulipita ukumbini, kwa sababu alihakikisha ugomvi umemalizwa ndani ya chumba cha kamati. Kwa majimbo ya magharibi, yenye wabunge wa kuhesabika, faida ilikuwa kubwa. Colorado ilikuwa na wawakilishi wanne, California 38. Kwa kura ukumbini Colorado isingeshinda kitu. Kwa kiti cha kamati iliweza kumfanya mkubwa asubiri.

Benki ya maji

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa sheria ya kuhifadhi maji ya bonde la juu, iliyosainiwa na Rais Dwight Eisenhower tarehe 11 Aprili 1956. Aspinall hakuwa mwenyekiti wa kamati nzima bado, lakini muswada ulipitia kwenye kamati yake ndogo.

Mtu anayeitazama ramani ya mabwawa ya sheria hiyo huuliza swali la haki kabisa. Glen Canyon, bwawa lake kubwa kuliko yote, liko Arizona, karibu na mpaka wa Utah. Lina kimo cha mita 216 na ziwa lake, Powell, lilibuniwa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Mkulima wa Colorado hawezi kumwagilia hata tuta moja kwa maji yake, maana yako chini yake kwa mamia ya kilomita. Kwa nini basi mbunge wa Colorado alipigania bwawa hilo?

Jibu liko kwenye kile kifungu cha bilioni 92.5. Ziwa Powell liko juu kidogo tu ya Lee Ferry. Miaka ya mafuriko linajaa, na miaka ya ukame linafunguliwa kulipa deni la bonde la chini. Bila ziwa hilo, mwaka mkavu ungewalazimu wakulima wa milimani kufunga mifereji ili mto ufike California. Wakiwa nalo, wanaendelea kumwagilia huku deni likilipwa kutoka kwenye akiba. Ndiyo sababu watu wa bonde la juu huliita benki yao, na ni benki kweli.

Kulikuwa na hesabu nyingine pia. Mitambo ya Glen Canyon huzalisha umeme, umeme huuzwa mijini, na mapato huingia kwenye mfuko wa bonde. Mfuko huo hugharamia sehemu ya miradi ya umwagiliaji ambayo wakulima hawawezi kuilipa, na katika mgao wa ziada Colorado ilitengewa asilimia 46. Yule mchangiaji aliyekosekana mwaka 1902 akawa amepatikana: mwenye nyumba wa mjini anayewasha feni wakati wa joto. Wachumi waliulalamikia mpango huu tangu mwanzo, kwamba unafanya miradi isiyo na tija ionekane inajilipa. Nadhani walikuwa sahihi. Lakini kwa mbunge wa wilaya yenye mashamba madogo na mvua haba, mpango ulikuwa umekamilika kama mtego uliotegwa vizuri.

Sheria hiyo ilikuwa na jeraha moja. Rasimu yake ya awali ilitaka bwawa Echo Park, ndani ya eneo la urithi wa taifa la Dinosaur, mpakani mwa Colorado na Utah. David Brower wa Sierra Club na Howard Zahniser wa Wilderness Society, vyama vya kulinda mazingira, waliongoza upinzani ambao haukuwahi kuonekana dhidi ya mradi wa maji. Barua zilimiminika, na ikadhihirika kwamba pakiwa na Echo Park kura hazitoshi. Bwawa likaondolewa mwaka 1955. Wapinzani, kwa upande wao, hawakulipinga Glen Canyon, korongo ambalo wachache wao walikuwa wameliona. Milango yake ilipofungwa mwaka 1963 na maji kuanza kupanda kwenye kuta nyekundu, Brower alilihesabu kosa hilo miongoni mwa makubwa ya maisha yake. Hakulirudia.

Ndani ya Colorado kwenyewe, sheria ilileta mabwawa matatu kwenye mto Gunnison: Blue Mesa, Morrow Point na Crystal. Blue Mesa, lililokamilika mwaka 1966, ndilo bwawa kubwa kuliko yote jimboni, na lina uwezo wa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.1. Mpango wa awali ulikuwa mkubwa zaidi na ungeufikia mji wa Gunnison, ukapunguzwa baada ya wenyeji kupiga kelele. Vijiji kama Iola havikuwa na sauti ya kutosha, vikazama.

Ng'ambo ya mlima

Mpinzani wa kudumu wa Aspinall hakutoka California. Alitoka ng'ambo ya pili ya milima, ndani ya jimbo lake mwenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya Colorado hushuka upande wa magharibi wa Rocky, na sehemu kubwa ya watu huishi mashariki, Denver na miji jirani. Njia ya kuwaunganisha ni kutoboa mlima. Maji yakishavushwa hayarudi tena kwenye mto yalikotoka, ila huishia uwanda wa mashariki.

Mmoja wa watangulizi wake, Edward Taylor, mbunge kuanzia 1909 hadi kifo chake mwaka 1941, aliacha mfano: katika miaka ya 1930 alikubali mradi wa kuvusha maji kwa sharti kwamba bwawa la Green Mountain lijengwe kwanza kuufidia upande wa magharibi. Aspinall aliigeuza desturi hiyo kuwa kanuni. Mradi wa Fryingpan-Arkansas, uliolenga kuvusha maji kuelekea Pueblo na bonde la mto Arkansas, ulihangaika bungeni tangu miaka ya 1950. Wapiga kura wa Aspinall hawakuutaka. Angeweza kuuzima. Badala yake aliupa bei: bwawa la Ruedi, lenye mita za ujazo zipatazo milioni 126, lijengwe juu ya Basalt kwa ajili ya watu wa magharibi. Rais John Kennedy alisaini sheria hiyo Agosti 1962 na siku iliyofuata akaenda Pueblo kushangiliwa.

Mwaka huohuo, Juni, ilipita sheria pacha: mradi wa San Juan-Chama wa kuvusha maji kwenda bonde la Rio Grande, New Mexico, na mradi wa umwagiliaji wa Wanavajo wa zaidi ya ekari 110,000. Viliunganishwa ili kimoja kibebe kingine. Mahandaki ya San Juan-Chama yalikamilika katika miaka ya 1970 na maji yakavuka. Mashamba ya Wanavajo yalipewa fedha kwa matone, na hadi sasa hayajafikia ukubwa ulioahidiwa. Mkataba wa 1922 uliyataja mataifa ya asili kwa sentensi moja isiyowapa chochote, ingawa Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha kuzitambua haki zao za maji mwaka 1908. Kamati ya Aspinall ndiyo iliyosimamia mambo yao pia, lakini kwenye foleni ya bajeti walibaki nyuma.

Arizona inagonga mlango

Ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa juu ya mfereji wa Arizona ya kati. Arizona ilitaka kuyapandisha maji ya Colorado kutoka mpaka wake wa magharibi hadi Phoenix na Tucson. California ilipinga, wakaenda Mahakama ya Juu mwaka 1952, na hukumu ikatoka Juni 1963: Arizona ilikuwa na haki ya mita za ujazo zipatazo bilioni 3.45 kutoka mto mkuu. Carl Hayden, seneta mkongwe aliyeiwakilisha Arizona bungeni tangu ilipokuwa jimbo mwaka 1912, sasa alikuwa na hukumu mkononi. Waziri wa Mambo ya Ndani, Stewart Udall, alikuwa mtu wa Arizona, na nduguye Morris alikaa kwenye kamati ya Aspinall. Kilichokosekana ni ridhaa ya mwenyekiti.

Aspinall alikuwa na hofu ya kweli. Kwa miaka yote Arizona ilipokuwa haijatumia fungu lake, mapengo ya daftari la mto yalifichika. Mfereji ukijengwa, yangefichuka. Ripoti ya mhandisi Royce Tipton ya mwaka 1965, iliyoandaliwa kwa ajili ya bonde la juu, ilionyesha kwamba maji hayatoshi kwa kila aliyeahidiwa. Aspinall aliisoma vizuri kuliko wengi. Ajabu yake ni kwamba hakuhitimisha kuwa ujenzi upungue. Alihitimisha kuwa maji yaongezwe kutoka kwingine, ikiwezekana mto Columbia wa kaskazini-magharibi, na kwamba kama Arizona inapata mradi wake basi Colorado ipate mitano.

Mitano hiyo ilikuwa Animas-La Plata, Dolores, Dallas Creek, West Divide na San Miguel. Yote ilikuwa kwenye wilaya yake, na baadhi yake ilitiliwa shaka na watu wa bajeti wa serikali.

Columbia ilikuwa na mlinda mlango wake. Seneta Henry Jackson wa Washington aliongoza kamati ya mambo ya ndani upande wa Seneti, na aliwajibu wa kusini kwa kuingiza katika sheria marufuku ya miaka 10 ya hata kuchunguza wazo hilo. Mabwawa mawili yaliyopangwa kwenye korongo la Grand Canyon, ambayo umeme wake ungesukuma maji na kugharamia miradi ya baadaye, yaliangushwa na Sierra Club. Mwaka 1966 Brower alinunua matangazo ya ukurasa mzima magazetini. Mamlaka ya kodi ikakiondolea chama hicho unafuu wake wa kodi, na hasira za wananchi zikakiongezea wanachama. Februari 1967 Udall aliachana na mabwawa hayo na kuchagua umeme wa makaa ya mawe. Kituo cha makaa kikajengwa Page, kwenye nchi ya Wanavajo, kando ya ziwa Powell, kikafuka moshi hadi mwaka 2019. Ushindi wa korongo ulilipwa kwa hewa ya watu wengine, jambo ambalo simulizi za ushindi ule mara nyingi hulipita haraka.

Agosti 1967 Seneti ilipitisha muswada wa Arizona. Aspinall alitangaza kwamba kamati yake haitaugusa mwaka huo, akafunga mkoba na kurudi Colorado. Hayden, mwenyekiti wa kamati ya matumizi ya Seneti, alijibu kwa silaha ya aina ileile: alitishia kuubandika mfereji wa Arizona kwenye muswada wa fedha za ujenzi wa umma, ambao usingepita kabisa kwenye kamati ya Aspinall. Wazee wawili, kila mmoja ameshika mlango wake. Aspinall alirejea na kukubali kuusikiliza muswada mwanzoni mwa 1968.

Rais Lyndon Johnson aliusaini tarehe 30 Septemba 1968, siku mbili kabla ya Hayden kutimiza miaka 91. California ilipata hakikisho kwamba ukame ukija, fungu lake la bilioni 5.4 litatangulia kabla ya mfereji wa Arizona. Aspinall alipata miradi yake mitano, tena kwa maneno yaliyotaka ijengwe sambamba na wa Arizona.

Mlango unafunguka

Wakati huohuo alikuwa akipigana upande mwingine. Muswada wa kulinda nyika zisizoguswa, uliowasilishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956, aliukalia miaka kadhaa baada ya Seneti kuupitisha. Ulipotoka mwaka 1964 ulikuwa umebeba masharti yake: wachimba madini waliruhusiwa kuweka madai mapya hadi mwisho wa 1983, na tume ya kupitia sheria zote za ardhi ya umma iliundwa, yeye akiwa mwenyekiti. Zahniser, aliyeandika rasimu baada ya rasimu, alifariki Mei mwaka huo, miezi minne kabla ya muswada kuwa sheria.

Aspinall hakuwachukia watu wa mazingira kwa sababu za kibiashara tu. Aliamini kwa dhati kwamba mto unaotiririka bila kutumiwa umepotea, imani iliyokuwa ya kawaida kwa kizazi chake. Nchi ndiyo iliyobadilika. Mipaka ya wilaya yake ilichorwa upya na kumletea wapiga kura wapya wa upande wa mashariki, na wanaharakati wakamweka kwenye orodha ya wabunge 12 wa kuangushwa. Katika kura ya mchujo ya Democratic mwaka 1972 alishindwa na Alan Merson, profesa wa sheria, ambaye naye alishindwa na mgombea wa Republican miezi miwili baadaye. Aspinall alirudi Palisade na kufariki huko Oktoba 1983.

Mfereji wa Arizona, wenye kilomita zipatazo 540, ulikamilika mwaka 1993 kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni 4. Ile mitano ya Colorado ilikuwa na bahati tofauti. Dolores ulijengwa, na bwawa la McPhee linamwagilia mashamba ya kusini-magharibi. Dallas Creek ulileta bwawa la Ridgway mwaka 1987. Animas-La Plata ulikwama, ukafufuliwa kwa sababu Waute walikuwa na haki za maji ambazo serikali ilipaswa kuzilipa, ukajengwa ukiwa umepunguzwa na kuondolewa umwagiliaji wote, na ziwa lake likajaa mwaka 2011. West Divide na San Miguel haikujengwa kamwe. Sharti la ujenzi sambamba lilikuwa la maandishi, na bajeti hupitishwa kila mwaka na watu wengine.

Mabwawa matatu ya Gunnison yalipewa jina la Aspinall yeye akiwa bado hai. Julai 2021, ziwa Powell lilipokuwa likishuka kuelekea kimo ambacho mitambo ya umeme ingezimika, Idara ya Ukombozi wa Ardhi iliamuru maji ya dharura yateremshwe kutoka mabwawa ya juu. Blue Mesa ilitakiwa kutoa mita za ujazo zipatazo milioni 44. Msimu wa boti ulifungwa mapema, tope likaanza kuonekana pale kilipokuwa kijiji cha Iola, na maji yaliyowekwa kwa jina la mbunge wa Palisade yakateremka kwenda kulipa deni la chini.